Kipepeo wa kahawia: tazama pindo la bawa kabla ya kumpa jina

Maembe yakishaiva yakaanguka na kuanza kuchacha chini ya mwembe, wa kwanza kufika ni nzi na nyigu. Nyuma yao huja wageni wasio na kelele, ambao huwaoni mpaka uiname: vipepeo wa kahawia, rangi ya jani lililokauka, mabawa wameyafumba juu ya mgongo, mrija umezama ndani ya nyama ya embe. Ukipiga hatua wanaruka chini chini, kwa kurukaruka kusikonyooka, kisha wanatua tena hatua chache mbele na kupotea machoni.

Wapenzi wa vipepeo huwapita hawa wakielekea kwa wenye rangi za kung'aa. Hata watalii wenye kamera kubwa katika misitu ya Usambara au Arabuko-Sokoke huinua lenzi juu kuwatafuta wa kijani na buluu. Ukimwuliza mtu huyu wa kahawia ni nani, atakujibu: "Kipepeo tu."

Kumbe hapo chini ya mwembe panaweza kuwa na spishi mbili au tatu zilizochanganyika. Jenasi moja tu ya vipepeo hawa, Bicyclus, ina spishi zinazokaribia 100 barani Afrika. Ongeza jamaa zao wa jenasi za Melanitis, Gnophodes na Ypthima, nao ni wa kahawia vilevile. Na kama hiyo haitoshi, spishi moja inaweza kuwa na sura mbili, moja ya wakati wa mvua na nyingine ya wakati wa ukame, zinazotofautiana kuliko zinavyotofautiana spishi mbili jirani.

Kwa hiyo anayetaka kumtambua kipepeo wa kahawia hana budi kulijua jambo moja mapema. Alama inayokuvuta jicho kwanza, yaani yale madoa ya duara yanayofanana na macho, ndiyo inayobadilika upesi zaidi. Ukubwa wa madoa hayo ni habari ya msimu. Habari ya ukoo imeandikwa kwingine, katika mahali yalipopangwa madoa hayo na mistari iliyopita kando yake.

Anza kwa kuwaondoa wasiohusika

Kabla ya kufika kwenye alama za bawa, hakikisha unayemtazama ni wa kundi hili. Angalia papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani. Za kipepeo huishia na kirungu kidogo nchani. Zikiwa kama unyoya au uzi mtupu, huyo ni nondo. Kirungu kikiwa kimejipinda kama ndoana, mwili mnene na mabawa mafupi, huyo ni wa familia ya Hesperiidae, ambao wengi wao nao ni wa kahawia na huwapotosha wanaoanza.

Kisha hesabu miguu. Kipepeo wa kahawia tunayemzungumzia husimama kwa miguu minne. Miguu miwili ya mbele ipo, ila imedumaa, imejaa vinyweleo na kubanwa kifuani. Hiyo ni alama ya familia kubwa ya Nymphalidae. Ndani ya familia hiyo, kundi la Satyrinae ndilo lenye hawa wa kahawia wenye madoa-macho. Ukiwa na kioo cha kukuzia, tazama mzizi wa bawa la mbele, pale linapoungana na kifua: katika wengi wa kundi hili mshipa mmoja au zaidi wa bawa umevimba mahali hapo. Uvimbe huo haujali mvua wala jua.

Dalili nyingine iko kwenye nyasi. Viwavi wa kundi hili hula nyasi, na mahindi ni nyasi pia. Ukiona kiwavi wa kijani kwenye jani la mhindi au la mpunga, mwenye vipembe viwili kichwani na mkia uliogawanyika mara mbili, kuna uwezekano mkubwa kwamba atakuja kuwa mmoja wao.

Bawa lina mji, lina pindo

Namna rahisi ya kulisoma bawa ni kulichukulia kama kanga. Kuna mji, yaani sehemu ya kati, na kuna pindo linalozunguka ukingoni. Mchanganuzi wa vipepeo hutazama vyote viwili, ila kwa Bicyclus mambo mengi yako kwenye pindo na kwenye mpaka unaolitenga na mji.

Mchukue Bicyclus anynana, anayepatikana pwani ya Kenya, Tanzania, Malawi, Msumbiji na nchi kadhaa za kusini, hadi visiwa vya Komoro na Socotra. Ni mdogo. Dume mabawa yake yakitandazwa hufika milimita 35 hadi 40, na jike 45 hadi 49. Mtazame upande wa chini wa mabawa, kwa sababu akitua ndio upande anaokuonyesha. Rangi ya msingi ni kahawia. Katikati, kutoka ukingo wa mbele wa bawa la mbele hadi ukingo wa ndani wa bawa la nyuma, unapita mstari mpana wa rangi ya maziwa, ukikatisha mabawa yote mawili kana kwamba umechorwa kwa mkupuo mmoja. Ndani ya mstari huo ni mji. Nje yake ni pindo.

Kwenye pindo ndiko yalikopangwa madoa-macho. Kila doa lina kitone cheupe katikati, kikizungukwa na duara jeusi, na duara jeusi likizungukwa na pete ya rangi ya dhahabu. Bawa la mbele lina mawili: dogo karibu na ncha, kubwa chini yake. Bawa la nyuma kwa kawaida lina saba, yamejipanga kufuata mkunjo wa ukingo, na hayalingani kwa ukubwa. Kila doa limekaa kati ya mishipa miwili ya bawa, halivuki. Mishipa hiyo ndiyo gridi ya kuhesabia: wataalamu huipa namba nafasi zilizo baina ya mishipa na kusema doa fulani liko nafasi fulani.

Hapa pana mtego kwa mpiga picha. Kipepeo akitulia kabisa, huliteremsha bawa la mbele nyuma ya bawa la nyuma, na lile doa kubwa likafichika. Picha ya kipepeo aliyelala na picha ya kipepeo aliyetua sasa hivi zinaweza kukufanya uamini ni wawili tofauti, na kumbe tofauti ni namna alivyokaa.

Msimu unapomvisha sura nyingine

Sasa mtazame anynana huyohuyo wakati wa ukame. Ule mstari wa maziwa umefifia hadi kukaribia kupotea. Yale madoa yenye pete za dhahabu yamenywea yakawa vitone vidogo, vingine kama alama ya ncha ya sindano. Bawa zima limekuwa jani la mwaka jana. Mtu aliyemzoea wa masika atakula kiapo kwamba huyu ni mwingine.

Kosa hilo lina historia ndefu, na waliolitenda ni mabingwa. Mwaka 1758 Linnaeus alimpa jina kipepeo wa jioni ambaye leo tunamwita Melanitis leda. Mwaka 1775 Cramer akampa jina la pili, ismene, mwenzake asiye na macho ya kuonekana upande wa chini. Leo inajulikana kwamba ismene ni sura ya kiangazi ya leda. Kwa vipepeo wa rangi kali, kisa mashuhuri ni cha Precis octavia, ambaye wakati wa mvua ni mwekundu wa machungwa na wakati wa ukame ni wa buluu iliyokoza. Walihesabiwa kuwa spishi mbili mpaka mwaka 1898, Guy Marshall, akiwa Salisbury ambayo leo ni Harare, alipofuga mayai ya mmoja akampata mwingine.

Kwa anynana, ushahidi umekusanywa maabara kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1988 majike 80 waliokamatwa Nkhata Bay, kando ya Ziwa Nyasa upande wa Malawi, walikuwa chanzo cha kizazi kilichofugwa Ulaya, na Paul Brakefield akiwa Leiden, Uholanzi, akakitumia kuchunguza swali hili pamoja na wenzake. Viwavi hulishwa miche ya mahindi, vipepeo wakubwa hupewa ndizi. Wakilelewa kwenye nyuzijoto 27 hutoka na macho makubwa na mstari mweupe. Ndugu zao wa tumbo moja wakilelewa kwenye nyuzijoto 17 hadi 20 hutoka wamefifia. Chakula ni kilekile, mama ni yuleyule, kilichobadilika ni joto.

Kipindi cha kuamua ni mwisho wa ukiwavi. Joto analolipata kiwavi siku hizo huathiri homoni ya ekdisoni mwilini, na homoni hiyo huamua doa litakuwa kubwa kiasi gani. Kule Malawi mantiki yake ni wazi. Mvua zikielekea kwisha, baridi inaingia kabla nyasi hazijakauka. Kiwavi anayekua wakati huo hupata tangazo mapema, naye akija kuwa kipepeo anajikuta amevaa nguo za ukame siku zenyewe ukame unapofika.

Lakini rudi kwa yule kipepeo aliyefifia, ushike kioo. Vile vitone vidogo viko palepale yalipokuwa macho ya dhahabu. Viwili kwenye bawa la mbele, na mlolongo uleule kwenye la nyuma, kila kimoja katikati ya mishipa yake miwili. Mstari uliofifia unapita njia ileile. Waswahili husema ukimwona simba amenyeshewa usidhani ni paka. Mvua ilipunguza ukubwa wa manyoya ya shingo, haikuhamisha makucha.

Sababu ya mpangilio kudumu imo katika namna doa linavyoumbwa. Ndani ya bawa linalokua, chembe chache zilizo katikati ya doa la kesho hutoa ishara kwa chembe jirani, nazo hujipaka rangi kwa kutegemea zilivyo karibu au mbali na kiini. Frederik Nijhout alionyesha hivyo mwaka 1980 kwa kipepeo wa Marekani, Junonia coenia: alipoichoma sehemu ya kiini doa lilishindwa kukua, na alipoihamishia mahali pengine doa jipya likaota huko. Katika miaka ya 1990, jeni iitwayo Distal-less iligunduliwa ikifanya kazi katika viini hivyo, kwa coenia na baadaye kwa anynana. Joto linaweza kuipunguzia nguvu ishara, na duara likatoka dogo. Kiini chenyewe kimeshapangiwa pa kukaa.

Macho ya nini?

Msomaji anaweza kuuliza ni faida gani kujichosha na macho ya bandia. Jibu linategemea nani anatazama.

Wakati wa mvua nyasi ni za kijani, kipepeo wa kahawia hawezi kujificha vyema, na wadudu wawindaji ni wengi. Mwaka 2015 Kathleen Prudic na wenzake waliwaweka anynana wa sura zote mbili mbele ya vunjajungu. Wale wenye macho makubwa waligunduliwa upesi zaidi, ila vunjajungu alilenga pindo la bawa badala ya mwili. Kipepeo akaachwa na bawa lililochanika na uhai wake. Chini ya mwembe utawaona wengi wa namna hiyo, ukingo umenyofolewa pale hasa palipokuwa na doa. Wakati wa ukame, majani makavu yametapakaa chini, na kwa aliyetulia bila kusogea ni heri kutoonekana kabisa.

Upande wa juu wa mabawa una shughuli nyingine. Vile vitone vyeupe vya bawa la mbele huakisi mionzi ya urujuanimno, ambayo sisi hatuioni ila vipepeo huiona. Mwaka 2005 Antónia Monteiro na mwenzake walionyesha kwamba majike hupendelea dume mwenye vitone hivyo vinavyoakisi. Halafu mwaka 2011 kundi la Prudic likaongeza jambo la kushangaza: kwa waliolelewa kwenye joto, dume huposa na jike huchagua; kwa waliolelewa kwenye baridi, jike ndiye huposa na dume akachagua. Joto moja limebadili nguo, na limebadili hata desturi ya uchumba.

Majirani wanaochanganywa

Kipepeo anayeingia nyumbani magharibi na kuzunguka taa mara nyingi ni Melanitis leda. Ukubwa wake unatosha kumtenga: mabawa hufika milimita 60 hadi 80. Ncha ya bawa la mbele imekatwa kama ndoana, bawa la nyuma lina kimkia kifupi. Upande wa juu, karibu na ncha ya bawa la mbele, ana doa jeusi lenye vitone viwili vyeupe, limepakwa rangi ya machungwa pembeni. Tahadhari tu kwamba wakati wa kiangazi ile ndoana huzidi kuchongoka, kwa hiyo hata umbo la bawa lisisimame peke yake kama ushahidi.

Jamaa yake Gnophodes betsimena hukaa msituni kwenye kivuli, naye hujulikana kwa utepe wa njano unaokatisha bawa la mbele upande wa juu. Akifumba mabawa, hana tofauti na jani lililooza.

Wale wadogo wanaorukaruka kwenye nyasi za wazi kandokando ya njia huenda ni Ypthima. Hawa wana alama nzuri isiyosumbua: doa kubwa la bawa la mbele lina vitone viwili ndani ya duara moja, kama mboni pacha. Upande wao wa chini umejaa vistari vyembamba sana vya kahawia na kijivu. Bicyclus hana mboni pacha za aina hiyo wala vistari hivyo.

Kazi ngumu ni kuwatenga Bicyclus wenyewe kwa wenyewe. Anynana na Bicyclus safitza wanaweza kuishi sehemu moja, ukubwa wao unakaribiana, na madoa yao yamepangwa kwa namna inayofanana. Hapo hatua ya kuhesabu macho imekwisha kazi yake. Mchanganuzi huangalia mkondo wa ule mstari wa kati, umenyooka au umepinda wapi, na hasa hutafuta dume. Madume ya Bicyclus yana vishungi vya nywele na mabaka maalumu juu ya mabawa, ambavyo hutumika kutoa harufu ya kumvutia jike. Idadi, rangi na mahali pa vishungi hivyo hutofautiana baina ya spishi. Michel Condamin aliyeandika monografia ya jenasi hii, iliyochapishwa Dakar mwaka 1973, alivitegemea sana. Jike aliyepauka wa kiangazi, asiye na dume karibu, wakati mwingine hutajwa kwa jenasi tu, na huo ndio uamuzi wa kitaalamu.

Ukitaka kumtambua, fanya hivi

Usimkimbize. Weka ndizi iliyoiva kupita kiasi, papai au embe lililochacha mahali penye kivuli asubuhi, uache harufu ifanye kazi. Vipepeo hawa hawana haja kubwa na maua.

Akitua, piga picha ya ubavu kwanza, kamera ikiwa usawa wa bawa na si kutoka juu. Piga nyingine akiwa ndio kwanza ametua, kabla hajaliteremsha bawa la mbele. Akifungua mabawa kuota jua, chukua ya upande wa juu, maana huko ndiko kwenye vishungi vya dume. Weka kitu cha kupimia ukubwa jirani na tunda, hata njiti ya kiberiti.

Kisha soma kwa utaratibu huu: miguu na papasi, ukubwa, umbo la bawa, idadi ya madoa na nafasi yalipokaa, mkondo wa mstari wa kati, na mwisho vishungi. Ukubwa na mng'ao wa madoa uandike, lakini usiutumie kutoa hukumu. Programu za simu zinazotambua picha husaidia kukufikisha kwenye jenasi. Zikikutajia spishi, linganisha na kitabu. Kwa Kenya kuna kitabu cha Torben Larsen cha mwaka 1991, na kwa Tanzania kuna cha Jan Kielland cha mwaka 1990. Vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, ila picha zake zinasomeka kwa kila mtu.

Kwa nini ujisumbue

Pwani imekwisha kujifunza kwamba kipepeo anaweza kulinda msitu. Mradi wa Kipepeo ulianzishwa Gede, Kilifi, mwaka 1993, ili wakazi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wafuge viwavi na kuuza pupa nje ya nchi, wapate sababu ya kuutunza msitu wenyewe. Mradi wa Amani, Usambara Mashariki, ulifuata mwaka 2003, ukaendelea hadi marufuku ya Tanzania ya mwaka 2016 ya kusafirisha wanyamapori hai ilipowagusa wafugaji wake. Katika biashara hiyo wa rangi kali ndio wenye wateja wengi.

Wa kahawia wana thamani ya namna nyingine. Baadhi ya Bicyclus hawaishi nje ya kivuli cha msitu mnene, na wengine kama safitza hustawi kwenye vichaka na msitu uliofyekwa. Orodha ya waliokuja kwenye ndizi yako kwa hiyo inaeleza hali ya mahali, mradi umewataja sawasawa.

Juu ya hapo kuna suala la misimu. Kipepeo huyu huvaa kwa kusikiliza joto, akitumaini kwamba joto litamwambia kweli kuhusu mvua. Vuli ikichelewa, au joto likipanda na mvua isije, anaweza kutoka na macho makubwa ya dhahabu juu ya ardhi iliyojaa majani makavu, mawindo rahisi kwa kila ndege. Ili kujua kama jambo hilo linatokea Muheza, Kilifi au Nkhata Bay, zinahitajika kumbukumbu za mwaka baada ya mwaka za sura ipi ilionekana mwezi gani. Mwalimu wa sayansi mwenye simu na ganda la ndizi anaweza kuzianza pamoja na wanafunzi wake. Ile sifa tuliyoikataa kama kitambulisho, ukubwa wa doa, hapo ndipo inapopata kazi yake: ipimwe, iandikwe, na pembeni yake iwekwe tarehe.